Pikipiki Panya na Kutu ya Makusudi

Ukitaka kuielewa historia ya minibaiki, anza na shafti ya injini: inatazama wapi? Mashine nyingi za kukatia majani za siku hizi zina kisu kinachozunguka chini kama pangaboi lililogeuzwa, kwa hiyo shafti ya injini yake inatazama ardhini. Kwa mtu anayetaka kuzungusha mnyororo, injini hiyo haina kazi. Lakini mashine za zamani, zile zenye visu vilivyopangwa kama pipa linalobingirika, zilikuwa na shafti inayotokea ubavuni. Vivyo hivyo majembe ya injini, pampu za maji na mashine za kusukuma theluji. Kijana wa Marekani wa miaka ya 1950 aliyekuwa akipekua banda la babu yake alitazama hapo kwanza. Shafti ikiwa ubavuni, pikipiki ilishapatikana. Kilichobaki ni mabomba na mtu wa kuchomelea.

Minibaiki yenyewe ni chombo cha kuchekesha. Fremu ya bomba, tairi zenye ringi ya inchi 5 au 6, gia hakuna, mara nyingi hata springi hakuna. Klachi hujishika yenyewe injini inapoongeza mizunguko. Kwenye nyingi za zamani, breki ilikuwa kibati kinachosugua tairi la nyuma, nawe unaweza kukisia ilifanyaje kazi siku ya mvua. Mtu mzima akiipanda, magoti yanakaribia viwiko. Mimi nilikuja Iowa kusoma shahada ya uzamili ya historia nikiwa na nia ya kuandika juu ya mashamba. Mashine hizi zimenila muda mwingi kuliko mashamba.

Mmoja wa wazazi wa mchezo huu alizaliwa vitani. Mwaka 1942 idara ya siri ya Uingereza, SOE, ikiwa na kituo karibu na Welwyn, ilibuni pikipiki ya kukunja iliyoitwa Welbike. Iliingia ndani ya kasha la kuangushwa kwa parachuti. Injini ilikuwa ya Villiers, sisi 98, na uzito wote ulikuwa kilo 32 hivi. Askari akitua, anafungua kasha, ananyanyua usukani na kiti, anaisukuma mpaka iwake. Kampuni ya Excelsior ya Birmingham ilitengeneza zaidi ya 3,500. Haikufanya makubwa kwenye medani, lakini baada ya vita wazo lake liliuzwa kwa raia kwa jina la Corgi. Marekani nayo ilikuwa na skuta ya kuangushwa kwa parachuti, ya Cushman wa Lincoln, Nebraska, kampuni iliyokuwa ikitengeneza pia injini za shambani.

Vita vilipokwisha, kampuni ya Beam ya Webster City, hapa hapa Iowa, ilitengeneza skuta ndogo iitwayo Doodle Bug kati ya 1946 na 1948. Nyingi zilibeba injini ya Briggs & Stratton yenye nguvu ya farasi mmoja na nusu. Farasi mmoja na nusu! Jembe la injini la leo linaishinda. Hata hivyo kwa mtoto wa mji mdogo, ambako basi halikuwepo na gari lilikuwa la baba, nguvu hiyo ilimfikisha mtoni na kumrudisha.

Kisha mwaka 1956, California, Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, alichukua injini ya West Bend iliyobaki kwenye biashara ya mashine za nyasi iliyokwama, akaifunga kwenye fremu ya bomba inayokaribia kugusa lami. Hiyo ndiyo gokati ya kwanza. Jambo la maana kwa habari yetu ni kilichofuata madukani: klachi ndogo, ringi ndogo na sproketi vikawa bidhaa ya kawaida. Madereva wa mashindano walijiundia vipikipiki vya kuzungukia eneo la mafundi. Majarida ya mafundi yakachapisha michoro. Katika miaka ya 1960 viwanda vikaingia, vikubwa na vya uani. Mickey Rupp wa Mansfield, Ohio, aliyezitengeneza kwa wingi, alishika nafasi ya 6 katika mbio za Indianapolis 500 za mwaka 1965. Sears iliziuza. Honda ikaja na zake ndogo kutoka Japani, zenye gia na ustaarabu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 wimbi lilikuwa limepita, na minibaiki zikaingia mabandani, nyuma ya ngazi na makopo ya rangi.

Huko ndiko zinakofukuliwa leo. Tecumseh, kampuni ambayo injini zake zilibeba sehemu kubwa ya minibaiki za enzi ile, iliacha kuzitengeneza mwaka 2008, hivyo spea hutafutwa kama mitishamba: kwa kuulizana. Wafukuaji wamegawanyika. Kuna wanaorejesha: wanavua kila kitu, wanapiga msasa, wanapaka rangi ya mwaka husika, wananunua stika mpya zilizochapishwa kwa kunakili za zamani. Na kuna watu wa mtindo wa panya. Jina hili walilichukua kwa wenye pikipiki kubwa, ambako pikipiki panya ni ile inayotunzwa iendelee kwenda kwa gharama ndogo kabisa, kwa spea za mashine yoyote, bila kuoshwa wala kuonewa aibu. Minibaiki panya inaweza kuwa na tangi la jenereta, kiti cha trekta na usukani wa baiskeli. Kutu inaachwa ilipo.

Mtu wa historia akikutana na kundi hili moyo unamdunda. Mashine iliyorejeshwa inadanganya kwa adabu. Inakuambia kwamba tangu 1968 hakuna aliyeiangusha, hakuna aliyeipakia magunia, hakuna aliyeiazima bila ruhusa. Panya anabeba ushahidi wote mwilini. Kwa miezi kadhaa niliamini hivyo bila wasiwasi, mpaka jirani yangu alipoanza kuunda wa kwake.

Ni mkerezaji mstaafu, mwenye miaka ya sabini na ushee. Fremu aliitoa ghalani kwa dada yake. Baba yao aliiunda mwaka 1963 kwa mabomba ya maji, na mshono wa weldingi kwenye shingo ya usukani unafanana na uji uliomwagikia jiko. Injini ni Briggs & Stratton iliyotoka kwenye jembe la injini. Pistoni ilikuwa imeganda. Alijaza mafuta kupitia tundu la plagi, akaiacha wiki mbili, akaizungusha kidogo kidogo kwa mkono hadi ikakubali. Mimi nilishika taa. Alivua flaiwili, akanionyesha kipande kidogo cha alumini laini kinachoifunga kwenye shafti: kimefanywa laini kwa makusudi, ili injini ikigonga kitu kikatike chenyewe na shafti ipone. Chini yake kulikuwa na platini, zimefunga ukungu mweusi. Alizisafisha, akapima mwanya wa inchi 0.020, nusu milimita hivi, na plagi ikatoa cheche ya buluu.

Injini mpya ya sisi 212 iliyotengenezwa China ingemwondolea usumbufu wote huu, na wengi ndivyo wanavyofanya. Nilipoiona dukani niliijua mara moja. Ni ya ukoo ule ule, wa kunakili Honda GX, unaopandisha maji kwenye bustani za mboga kule nyumbani, Morogoro. Mafundi wa kwetu wanaitoa kwenye pampu na kuihamishia kwenye mashine ya kukoboa bila kuupa ufundi huo jina. Mtu akiunga vyuma chakavu na chombo kikaenda, anachofanya baadaye ni kupaka rangi. Bodaboda zetu ni ushahidi: stika, urembo wa kiti, maandishi kwenye kibati. Sijawahi kuona mtu akilipia ili chombo chake kionekane kimechoka. Hapa wapo wanaomwagia chuma kipya siki na chumvi ili kishike kutu ya miaka 50 kwa usiku mmoja, na hao, kwa maoni yangu, ni wadanganyifu kuliko wenye stika za kunakili.

Jirani yangu si wa kundi hilo. Kutu yake ni halali. Tatizo lilikuja na mjukuu wake wa miaka 16.

"Babu, niache niusage huu mshono. Shingo ikivunjika nikiwa juu yake?"

Hoja ya kijana ilikuwa na uzito. Shingo ya usukani si mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za familia. Mzee alichukua tochi na brashi ya waya, akasugua mahali pamoja tu chini ya mshono ili aone kama kuna ufa. Ufa hakuuona. Alichokuta ni rangi nyekundu. Tukatazama sehemu nyingine, chini ya kiti na nyuma ya kibao cha injini: nyekundu, matabaka matatu. Kwenye bomba la kati kulikuwa na mabaki ya herufi nyeupe zilizopigwa kwa kiolezo, kama jina la kampuni, ila hakukuwa na kampuni.

Kwa hiyo yule baba hakuwa mtu wa panya hata kidogo. Aliunda kwa mabomba kwa sababu mfuko ulimruhusu mabomba, kisha akapaka tabaka juu ya tabaka ili mwanawe asionekane amepanda mabomba. Kutu tuliyokuwa tunaiita ukweli ilikuwa imekula kitu alichokitaka yeye. Ukiiacha, unaheshimu miaka 60 ya ghalani. Ukipaka nyekundu, unamheshimu aliyeunda, lakini rangi mpya itazifunika zile herufi, mkono wake wa mwisho uliobaki. Nimesoma kurasa nyingi juu ya maadili ya kuhifadhi majengo na vitu vya makumbusho. Hakuna ukurasa uliokuwa na jibu la gereji ile.

Dada mtu alipigiwa simu. Alikumbuka vizuri siku ya kupaka rangi, na alikuwa na la kusema: "Baba angeona haya kuiona hivyo."

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akauliza rangi ilitoka wapi. Ilibaki walipopaka ghala, dada akajibu.

Walichomelea vipande viwili vipya vya pembetatu kwenye shingo, upande wa pili wa bomba, bila kuugusa mshono wa zamani. Mjukuu ndiye aliyechomelea, babu amesimama nyuma yake na miwani ya giza. Vyuma vingine vilipakwa mafuta ya kitani, ambayo hukauka na kuzuia kutu isiendelee huku ikibaki inaonekana. Vile vipande viwili vipya havikupakwa mafuta. Mjukuu amevipaka nyekundu, matabaka matatu, na ghala lile halijapakwa rangi tangu wakati huo, kwa hiyo alipata mahali pa kulinganishia.