Kupakia, Kusoma na Kuchanganua: Funzo la Historia ya Lahajedwali

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa taaluma ya kompyuta ni ile kazi ifanywayo na programu ya wavuti inapopokea faili la lahajedwali na kutoa humo safumlalo, safuwima na seli zake. Wako wasemao "kupakia", na wako wasemao "kusoma". Historia yaonyesha kwamba neno listahililo ni "kuchanganua".

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuanza kuuzwa mwaka 1979. Ilifuatwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983, kisha Excel mwaka 1985. Kila moja ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi kazi. Lotus ilizihesabu tarehe kwa namba za siku tangu 1 Januari 1900, ikauhesabu mwaka huo kuwa mrefu, ilhali haukuwa na tarehe 29 Februari. Excel ililirithi kosa hilo kwa makusudi, ili ipatane na mafaili ya Lotus. Lakini Excel ya Macintosh ilianza hesabu yake mwaka 1904. Kwa hiyo namba ile ile yaweza kutaja siku mbili zilizoachana kwa siku 1,462.

Muundo wa xlsx, uliopitishwa na shirika la Ecma mwaka 2006 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008, haukuiondoa kazi hiyo. Faili lake ni furushi lililobanwa, lenye hati kadhaa ndani. Aghalabu maneno huwekwa katika hati moja, na seli hubeba namba tu ya kuyaelekea. Tarehe nayo kwa kawaida ni namba, hutambulikana kwa mtindo wa seli. Basi kulifikisha faili kwenye seva ni kulipakia tu. Maana yake bado haijapatikana.

Hasara ya kutochunga tofauti hiyo ilidhihirika Uingereza mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Majibu ya maabara yaliingizwa katika mafaili ya muundo wa zamani wa xls, ambao laha yake haipokei zaidi ya safumlalo 65,536. Yaliyozidi yaliachwa nje. Wagonjwa 15,841 wa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu ya taifa kwa wakati wake. Wao wenyewe walikuwa wamepewa majibu, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa.

Mwalimu wa sarufi hatosheki na mwanafunzi kuitamka sentensi. Humtaka aichanganue, aonyeshe kila neno ni la aina gani na lina kazi gani. Programu nayo yapasa iulizwe vivyo hivyo: seli hii ni namba, tarehe au jina? Safumlalo zilizopokewa ni sawa na zilizotumwa? Mtumishi wa serikali aandikaye masharti ya zabuni akiridhika na "kusoma", asishangae akiletewa programu isomayo bila kuhakiki. Yafaa, basi, "kupakia" libaki kwa usafirishaji wa faili, na "kuchanganua" litumike kwa kazi hii.