Tofauti za maana kati ya 'film', 'movie' na 'cinema'

Wanafunzi na hata baadhi ya watafsiri huyachukulia maneno haya matatu ya Kiingereza kuwa visawe. Maana zake hukaribiana, ila hazilingani.

Asili ya 'film' ni utando mwembamba. Baadaye neno hilo lilitaja ukanda wa kunasia picha, kisha kazi yenyewe iliyonaswa. Ndilo lililotoholewa tukapata 'filamu'. 'Movie' lilizuka Marekani kwa kufupisha maneno yenye maana ya picha zinazosonga. Hutumiwa hasa kwa hadithi iliyoigizwa. 'Cinema' linatokana na jina la mtambo ambao ndugu Lumière wa Ufaransa waliuonyesha umma jijini Paris mwaka wa 1895. Kwa Mwingereza, 'cinema' ni jumba la maonyesho au sanaa nzima ya filamu.

Tuchukue mfano wa Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Alikufa mwaka wa 1961 na kaburi lake limo katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Mwaka huo huo, shirika la BBC lilionyesha makala ya David Attenborough kumhusu. Mnamo 1966 ikatoka 'Born Free', ambapo Virginia McKenna aliigiza kama Joy. Makala yale ni 'film', lakini kwa kawaida hayaitwi 'movie' kwani hayakuigizwa. 'Born Free' ni 'film' na pia 'movie'. Jumba ilimoonyeshwa ndilo 'cinema'.

Katika Kiswahili, 'sinema' hubeba maana mbili: picha zenyewe na mahali zinapoonyeshwa. Ili kuepuka utata, ni bora kuandika 'jumba la sinema' panapokusudiwa mahali, na 'filamu' panapokusudiwa kazi.

Tofauti hii si ya darasani pekee. Mwenye kibanda cha video mjini Embu au Meru huenda akadhani kuwa kanuni za filamu hazimhusu, maadamu hana jumba la sinema. Hata hivyo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, imejumuisha kanda za video katika maana ya filamu, na anayezionyesha hadharani kibiashara hutakiwa kuwa na leseni. Asiyeelewa neno huenda akalipia kosa lake mahakamani.