Mzizimo Si Usingizi

Katika misitu ya Ulaya, kutoka Uingereza hadi Uturuki, anaishi mgugunaji mdogo mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu aitwaye Muscardinus avellanarius. Wakati wa kiangazi uzito wake ni gramu 20 hivi. Umbo lake ni la panya, lakini kwa ukoo yu karibu zaidi na kindi.

Makazi yake ni vichaka vya mihazeli vilivyosongamana, ambamo matawi yameshikana hata akaweza kutembea usiku kucha bila kukanyaga ardhi. Hula maua, wadudu, matunda na kokwa, kila kimoja kwa msimu wake. Kokwa alilolila halijifichi: lina tundu la mviringo, ukingo wake wa ndani ni laini, na alama za meno zimelizunguka kwa nje.

Ifikapo Oktoba au Novemba, akiwa amenenepa, hushuka chini na kujikunja ndani ya kiota kwenye majani makavu. Joto la mwili wake hushuka hadi kukaribia lile la udongo, moyo hupiga polepole mno, na pumzi huonekana kwa nadra. Hali hii wanabiolojia huiita kwa neno la Kilatini torpor, yaani kufa ganzi.

Kwa Kiswahili wengi huiita usingizi wa baridi. Jina hilo linapotosha. Aliyelala huamka akiguswa. Mnyama huyu hana budi kuchoma mafuta yake kwa muda hadi mwili upate joto, na kila akiamka akiba inapungua. Ganzi nayo tumezoea kuitaja kwa mkono au mguu, si kwa mwili mzima.

Napendekeza mzizimo, kutokana na zizima: kuwa baridi na kutulia. Maana zote mbili zimo katika tukio lenyewe. Tena neno linanyumbulika: mnyama amezizima, ameanza kuzizima. Wa miezi uitwe mzizimo wa msimu. Wa saa chache, ambao humpata hata siku za baridi za masika ya Ulaya, uitwe mzizimo wa siku.

Tofauti kati ya usingizi na mzizimo ina uzito. Baridi isiyotulia humwamsha kabla ya wakati, naye humaliza mafuta wakati chakula hakipo. Wala habari hii si ya Ulaya tu: jamaa zake wa jenasi Graphiurus wanaishi Kenya na Tanzania. Walimu na watunzi wa vitabu vya biolojia, tulitumieni neno hili.