C+ yako ilipimwa kwa vitanda

Wasee, kuna kitu kuhusu C+ ambacho shuleni hatukuambiwa. Kwa miaka mingi imeitwa gredi ya kuingia chuo kikuu, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini JAB, bodi iliyokuwa ikigawa nafasi za serikali, ilikuwa inahesabu vitanda. Ndio, vitanda vya hosteli! Vikiisha, mlango umefungwa. Kwa hiyo kuna miaka ulikuwa na C+, hata B-, na bado unabaki nje. Si eti ulikuwa mjinga, ni malazi yalikuwa yameisha.

Halafu mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha paralel: ukijilipia karo, gredi ile ile inatosha. Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira. Mtoto wa mama mboga na mtoto wa tajiri, wote C+, mmoja yuko darasani, mwingine amerudi ushago.

Sheria ya vyuo vikuu ya 2012 ikaiondoa JAB, ikaleta KUCCPS. Kisha KCSE ya 2016, wizi wa mtihani ulipobanwa, A zikashuka kutoka 2,685 hadi 141. Kila aliyepata C+ sasa akastahili nafasi ya serikali, hata kwenye vyuo binafsi. (Udaktari bado ni vita vya pointi za klasta, usijidanganye.)

Kama una mjomba wa KCSE ya 1995 aliyepata C+ na hakuwahi kuingia chuo, hebu muulize barua ya JAB ilimwambia nini. Wengi hawakupata hata barua.