Sanduku Moja, Miezi Tisa: Mabaharia wa Majahazi Walipakia Nini?

Kuna mtu anaenda Zanzibar siku mbili tu, lakini begi linagoma kufunga. Viatu jozi nne, chaja, pawabenki, nguo za kupigia picha machweo, na boda anapiga honi nje. Sasa vuta picha hii: unahamia kwenye chombo cha tanga kwa karibu miezi 9. Chumba huna, kitanda huna, kabati ndiyo usahau kabisa. Una ruhusa ya sanduku moja la mbao. Unaweka nini humo?

Hilo swali mabaharia wa Ghuba walilijibu kila mwaka, kizazi baada ya kizazi, mpaka miaka ya 1940 na kidogo mbele yake. Ni wale waliokuja na majahazi makubwa kutoka Kuwait, Oman na kwingineko, wakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Historia inawakumbuka masultani na matajiri. Hawa vijana waliovuta kamba, majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kilichobaki ni habari za masanduku yao, na kiukweli sanduku linasema mengi kuliko jina.

UPEPO NDIO ULIOKUWA NA RATIBA

Kwanza elewa kwa nini safari ilikuwa ndefu hivyo. Jahazi halikuwa na injini. Kuja huku kulitegemea kaskazi, upepo unaovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kurudi kulitegemea kusi, unaoanza mwezi wa Aprili hivi. Ukiwahi sana, upepo hakuna. Ukichelewa, kusi la Juni na Julai si la kuchezea, linapasua tanga na linazamisha chombo.

Kwa hiyo baharia aliondoka kwao mwishoni mwa joto. Chombo kikapakia tende kule Basra baada ya mavuno, kikashuka taratibu kupitia pwani ya Uarabuni na Somalia, kikifanya biashara bandari hadi bandari, mpaka kufika kwetu. Kurudi kikabeba boriti za mikoko kutoka Lamu au delta ya Rufiji. Kule Ghuba miti ya kujengea ni shida, hivyo paa la nyumba nyingi lilikaa juu ya boriti za huku. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Kuwait, kama vile vya Lamu, ni vyembamba: upana wa chumba uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia.

Baharia alipofika tena nyumbani, mtoto aliyemwacha anatambaa alishaanza kukimbia.

VITU AMBAVYO HAWAKUHANGAIKA NAVYO

Hapa ndipo wafungashaji wa leo watashangaa.

Sahani? Hapana. Mabaharia walikula wamezunguka sinia moja, wali na samaki kama wamepatikana, kwa mkono. Kijiko cha nini sasa?

Godoro? Hapana. Walilala sitahani, juu ya mzigo, popote penye nafasi ya kunyoosha mgongo. Mkeka au kipande cha nguo kilitosha. Boriti zikishapakiwa, kitanda chako ndiyo hizohizo boriti.

Sabuni na ndoo ya kuogea? Maji baridi yalikaa kwenye matangi ya mbao na yalikuwa ya kunywa na kupikia. Ukitaka kuoga, bahari hiyo hapo. Na choo kilikuwa kijisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje ya chombo upande wa nyuma, mawimbi yakipita chini yako. Faragha ilikuwa kidogo sana.

Hata jiko halikuwa lako. Palikuwa na sanduku moja la moto pale sitahani, mpishi mmoja, na wote mnasubiri.

Mwaka 1938 baharia na mwandishi mmoja kutoka Australia alipanda jahazi la Kuwait kule Aden, akasafiri nalo mpaka huku Afrika Mashariki na kurudi. Huyo alikuwa mgeni wa heshima, lakini makazi yake yalikuwa kipande cha benchi kule nyuma, sehemu ya nahodha. Kama mgeni alipewa benchi, pata picha baharia wa kawaida alipata nini.

SANDUKU LILIKUWA DUKA

Sasa kama hawakubeba sahani wala godoro, sanduku lilijaa nini? Biashara.

Baharia wa jahazi hakuwa na mshahara wa mwezi. Mwisho wa safari mapato yalihesabiwa, gharama zikatolewa, tajiri wa chombo akachukua fungu lake, na kilichobaki kikagawanywa kwa hisa. Nahodha alipata hisa kadhaa, baharia wa kawaida moja. Safari ikiwa mbaya, hisa yako ni hewa tu.

Ndiyo maana desturi ilimruhusu kila mmoja kubeba bidhaa zake ndogondogo ndani ya sanduku na kuziuza njiani. Akifika bandari, anafungua kifuniko, duka tayari. Akiuza, ananunua kitu kingine cha kuuza bandari inayofuata au cha kupeleka nyumbani.

Hapo kupanga mzigo kukawa hesabu kali. Kanzu ya pili ya sikukuu, au vitambaa vya kuuza? Blanketi la baridi ya usiku, au nafasi ya bidhaa zitakazolipa? Kila kitu cha starehe kilikula nafasi ya mtaji. Wanaosema leo "beba vitu vichache, ishi kwa amani" wanafanya hivyo kwa kupenda. Hawa walifanya hivyo kwa sababu kila shibiri ya sanduku ilikuwa hela.

DENI NALO LILIPANDA CHOMBONI

Na kuna mzigo mmoja uliopanda chomboni bila kukaa sandukuni: deni.

Kabla ya kung'oa nanga, baharia alichukua advansi kwa nahodha ili familia ipate kula muda wote asipokuwepo. Hesabu ilikuja kukatwa kwenye hisa yake. Hisa ikiwa ndogo kuliko advansi, deni linabaki, na msimu ujao anapanda tena chombo kilekile kulilipa. Wengi wakirudi tu waliingia kwenye kupiga mbizi za lulu wakati wa joto, na huko nako kulikuwa na advansi na deni lake. Wahenga wa pwani walishasema, dau la mnyonge haliendi joshi.

Ukijua hivyo, unaliangalia lile sanduku kwa jicho lingine. Bidhaa zilizokuwa ndani zilikuwa karibu pesa pekee ambayo haikupitia daftari la nahodha. Akiuza vizuri, anapunguza deni. Likilowa maji ya chumvi au likiibwa bandarini, amebaki na mikono mitupu na miezi mingine ya kuvuta kamba.

WAPO WALIOSHUKA WASIRUDI

Majahazi hayohayo yalileta pia abiria, wengi wao kutoka Hadhramaut, waliokimbilia huku kutafuta maisha. Wamebanana sitahani, na mali yote ya mtu ni kifurushi. Wao hawakufungasha kwa ajili ya kurudi. Wengine walianza na vibarua na viduka vidogo, wakaoa, wakazeeka huku. Kuna familia nyingi Mombasa na Unguja leo ambazo hadithi yao inaanzia kwenye kifurushi cha aina hiyo.

Kwa mabaharia, mambo yalibadilika haraka. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, kazi za nchi kavu zikapatikana, na mshahara wa kila mwezi ukawa mtamu kuliko hisa ya kubahatisha. Meli za injini zikamaliza kazi iliyobaki. Leo masanduku ya zamani yenye misumari ya shaba yanauzwa kwa watalii Stone Town na Lamu. Mtu analinunua, analiweka sebuleni, anapanga juu yake rimoti na maua ya plastiki.

Hakuna ubaya, linapendeza. Ila ukikutana nalo, lifungue kidogo. Kuna uwezekano kijana mmoja aliwahi kukaa mbele ya sanduku kama hilo usiku wa kuamkia safari, mke amelala na mtoto, akitoa blanketi, akirudisha, akitoa tena, mpaka akaamua kwamba baridi ataivumilia.

Wewe ungetoa nini, na ungebakiza nini? Dondosha jibu hapo chini. Na simu haihesabiki, chaji ingeisha kabla hamjaiona Aden.