Nasaba ya Maradhi ya Simba wa Serengeti

Kijiji cha Ololosokwan, katika Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, chapakana na Hifadhi ya Serengeti. Mbwa walindao maboma ya Wamasai hawako mbali na simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianguka kifafa, wakafa wapata 1,000, yaani theluthi yao. Maradhi yalikuwa distempa, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya mbwa na jamaa zao tu. Lakini mwaka 1992 yalikuwa yamekwisha kuua simba na chui waliofungwa vizimbani huko California.

Wataalamu walilinganisha jeni za virusi kama wanaisimu walinganishavyo maneno ya lugha ndugu: kosa la kunakili lililorithiwa na wengi ni alama ya asili moja. Virusi vya simba, fisi, bweha masikio na mbwa wa Serengeti vilionekana kuwa tawi moja, mbali na aina za ng'ambo.

Wengi wakawahukumu mbwa wa vijijini. Lakini neno lililomo katika lugha mbili halionyeshi peke yake lugha iliyokopesha. Uchunguzi wa miaka mingi, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha ya kuwa hapo kwanza maradhi yalitangulia kwa mbwa, kisha yakafuata kwa simba. Baadaye chanjo iliwapunguzia mbwa maradhi, bali simba waliendelea kuambukizwa. Basi yaelekea wako wanyama wengine wayahifadhio, na lawama yote haiwezi kutwikwa mbwa wa wafugaji.