Vyeo vya Vifurushi

Itifaki ya intaneti iliyohaririwa na Jon Postel na kutangazwa Septemba 1981 ilikitengea kila kifurushi cha data baiti moja ya kueleza namna ya kuhudumiwa kwake, na ndani ya baiti hiyo biti 3 zikawa alama ya cheo; vyeo vyenyewe vilikuwa 8, na majina ya baadhi yake yalitoka katika simu za maandishi za jeshi la Marekani, ambako habari ya dharura ilikuwa na haki ya kuitangulia habari ya posho na sare. Lakini aghalabu waliotengeneza ruta hawakuijali alama ile.

Msongamano ndio uliowazindua. Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani yake, masafa ya yadi 400 tu, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, kwa kuwa kila kompyuta iliyokosa jibu ilituma tena na tena, ikizidi kuiziba njia iliyokwisha kuzibika. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alizifundisha kompyuta subira. David Mills, ambaye programu yake iliziendesha ruta za NSFNET, mtandao wa utafiti wa Marekani, juu ya nyaya za biti 56,000 kwa sekunde, aliwapa walioketi wakipiga chapa nafasi ya kuyatangulia mafaili marefu. Nami naliona tendo hilo kuwa la insafu, maana binadamu huingojea kila herufi yake ionekane kiooni, ilhali faili halijui kungoja.

Ndani ya majengo nako, Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta iliyozaliwa Xerox PARC mwaka 1973, ilikuwa ua mmoja ambamo mwito wa mmoja huwafikia wote. W. David Sincoskie wa Bellcore alitafuta namna ya kuugawa ua huo katika mitandao pepe pasipo kutandika nyaya mpya, na mwaka 1998 kanuni ya 802.1Q ikakivika kifurushi utepe wa baiti 4, biti 12 zikiwa namba ya mtandao pepe wake, na biti 3 zikiwa, kwa mara nyingine, cheo. Tangu hapo simu za ofisi, daftari za mhasibu na wageni wa barazani waliweza kupita katika waya mmoja bila ya kusikiana, na sauti ya mtu ikapishwa mbele.

Utepe huo una amri nyumbani mwa mwenyewe tu: kwa kawaida swichi ya mwisho huuvua, na kompyuta inayopokea kifurushi haioni kwamba kiliwahi kuwa na cheo.